Profesa Odhiambo na wadudu wa mashamba yetu

Ukitoka Morogoro kuelekea Dodoma utapita Dumila, pale inapochepuka barabara ya kwenda Kilosa mjini. Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaijua Dumila kwa kupitia dirisha la basi: magunia ya mahindi, vitunguu na nyanya kando ya lami. Tunanunua, tunakwenda zetu. Ni wachache wanaojiuliza mahindi yale yamevuka mitihani mingapi kabla ya kufika barabarani. Yuko funza anayetoboa bua na kula ndani kwa ndani. Kipo kiduha kinachonyonya mizizi. Na vipo viwavijeshi, ambavyo vikizaliwa baada ya mvua za kwanza, shamba zima linaweza kubaki vijiti katika siku chache tu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, leo nataka tumkumbuke mtu aliyetumia umri wake wote kuwasoma wadudu hao: marehemu Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya. Huenda mtu akauliza, Mkenya huyu anahusiana nini na Kilosa? Subiri kidogo.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Maseno, kisha Makerere, Uganda. Alifanya kazi ya kilimo na utafiti wa wadudu huko Uganda, baadaye akaenda Cambridge, Uingereza, wakati ambapo Wigglesworth, mkubwa wa wataalamu wa miili ya wadudu katika zama zile, alikuwa akifundisha hapo. Odhiambo alipata shahada ya udaktari mwaka 1965. Mwafrika mwenye shahada kama hiyo miaka ile alikuwa na milango mingi mbele yake. Angeweza kubaki Ulaya. Angeweza pia kurudi akapewa ofisi ya wizara, gari na bendera. Alirudi akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo.

Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Science la Marekani kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake iliwashangaza wengi. Wakati ule ilikubalika, hata miongoni mwa wasomi wetu wenyewe, kwamba nchi maskini iachane na utafiti wa kina, ingojee wenye fedha wagundue, nayo itumie. Odhiambo alikataa. Mbung'o hayuko Ulaya. Nani basi atakesha akimchunguza mbung'o, kama si yule ambaye ng'ombe wake wanakufa? Na utamdhibitije mdudu usiyejua anazaaje, ananusa nini, anaruka saa ngapi?

Hoja hiyo ndiyo iliyozaa, mwaka 1970, Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, ICIPE. Kilianza katika majengo ya kuazima kwenye kampasi ya Chiromo, Nairobi. Maprofesa wakubwa wa nje walikuja kwa vipindi kuelekeza utafiti, lakini waliokaa maabara mwaka mzima walikuwa vijana. Baadaye kikahamia Kasarani, na makao yale yakaitwa Duduville, mji wa dudu. Nalipenda jina hilo. Neno la Kiswahili lilibandikwa mlangoni mwa maabara ya kimataifa, na wageni wakajifunza kulitamka.

Viwavijeshi vilikuwa miongoni mwa wadudu waliochunguzwa pale tangu mwanzo. Sasa rudi Kilosa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji kadhaa vya wilaya hiyo vilikuwa vya kwanza kujaribu utabiri wa viwavijeshi unaofanywa na wanakijiji wenyewe. Kijiji kilipewa mtego wenye harufu ya nondo jike na kipimo cha mvua. Mkulima aliyefundishwa anahesabu nondo dume walionaswa, anatazama mvua iliyonyesha, kisha anawaambia wenzake kama kuna hatari au hakuna. Sisemi kwamba Odhiambo ndiye aliyeleta mitego hiyo. Ilikuwa kazi ya watu wengine. Ila mtego ule hauwezi kuwepo bila mtu wa kukaa miaka akijifunza namna nondo dume anavyomtafuta jike. Hiyo ndiyo elimu ambayo wakubwa walisema haitufai.

Mfano mwingine ni Nguruman, kusini mwa Kenya. Watafiti wa ICIPE walikaa na wafugaji wa Kimaasai, wakatengeneza mtego wa mbung'o wa kitambaa cha buluu na cheusi, chambo chake kikiwa asetoni na mkojo wa ng'ombe. Mfugaji anaushona mwenyewe. Aliyewahi kuumwa na mbung'o akipita Mikumi ataelewa thamani ya kitambaa hicho.

Pengine jambo lake kubwa zaidi ni malezi. Mwaka 1983 kilianzishwa mpango wa kuwafundisha vijana wa Kiafrika sayansi ya wadudu hadi udaktari: utafiti wanaufanya ICIPE, shahada inatolewa na vyuo vikuu vya Afrika. Kijana hahitaji kwenda Cambridge kama mwalimu wake alivyokwenda, wala hapati kisingizio cha kutorudi. Wangapi kati ya wasomi wetu, baada ya kupanda juu, huwajengea ngazi walio chini?

Mwaka 1985 alikuwa mwasisi na rais wa kwanza wa Chuo cha Sayansi cha Afrika, jumuiya ya wanasayansi wa bara zima. Aliyempokea baadaye ni Mohamed Hassan, mwanahisabati wa Sudan. Mwaka 1987 Odhiambo na Rais Abdou Diouf wa Senegal walikuwa wa kwanza kupewa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kumaliza njaa.

Tusimfanye malaika. Wapo waliolalamika kwamba kituo chake kilikuwa kikubwa mno na kiko mbali na jembe la mkulima, na miaka yake ya mwisho pale fedha zilikuwa za taabu. Malalamiko hayo yana ukweli wake. Lakini ni katika miaka hiyohiyo ya 1990 ndipo mtaalamu mzaliwa wa India, Zeyaur Khan, alipoanza kilimo cha sukuma-vuta: majani tembo kuzunguka shamba yanamvuta nondo, desmodiamu kati ya mistari inamfukuza, na kiduha nacho kinakufa. Hakuna dawa ya dukani.

Profesa Odhiambo alistaafu ICIPE mwaka 1994. Hata baada ya hapo aliendelea kuwahimiza viongozi wa Afrika watenge fedha za sayansi. Alifariki Nairobi mwezi Mei 2003, akiwa na miaka 72. Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika vilikuwa bado havijafika kwetu. Vilipoingia Tanzania mwaka 2017, miongoni mwa waliokuwa wakitafuta namna ya kuvidhibiti walikuwa vijana wa Kiafrika, pale Duduville.