Franco Luambo: kutoka gita la mkebe hadi mwenye vyombo vya OK Jazz

Kwaya au orkestra ya vijana inaponunua gita la umeme na ampli hapa Baraka ao Fizi, swali moja huachwa kando: chombo ni cha nani? Siku kinapofika kwa mashua kutoka Kigoma ao kwa gari kutoka Uvira, kila mtu anafurahi. Swali linarudi siku ya ugomvi. Maisha ya marehemu Franco Luambo Makiadi yanaonyesha uzito wake.

Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 Sona Bata, Bas-Congo, akakulia Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alifariki mwaka 1949. Mama alilisha watoto kwa kuuza mandazi sokoni Ngiri-Ngiri. Pesa ya gita haikuwapo. Kijana alijitengenezea lake kwa mkebe na nyaya za umeme, akalipiga karibu na meza ya mama ili kuvuta wateja. Ebengo Dewayon ndiye aliyemfundisha gita la kweli.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, alipokelewa na studio ya Loningisa, mali ya Mgiriki Papadimitriou, ambayo ilimpa mkataba na gita jipya. Mwaka huo Mbelgiji Bill Alexandre alileta gita la umeme mjini. Wakati ule gita, ampli na mikro vilikuwa mali ya wenye studio. Mwanamuziki alileta sauti na vidole vyake tu.

Tarehe 6 Juni 1956 Franco na wenzake walianzisha OK Jazz. Hata jina walilipata kwenye baa walimopigia, OK Bar ya Oscar Kassien.

Kisha mambo yakageuka polepole. Franco alianza lebo yake, Epanza Makita. Vicky Longomba, aliyeongoza pamoja naye, aliondoka mwaka 1970, na Franco akabaki kiongozi peke yake. Alimiliki vyombo na jumba la muziki la Un-Deux-Trois. Orkestra ilikua hadi kundi moja likapiga Ulaya huku lingine likibaki Kinshasa. Waimbaji na wapiga gita wengi walipita humo. Aliyetoka alibeba sifa yake, lakini ampli ilibaki. Mpiga saksofoni Verckys alielewa jambo hilo: alipoondoka alijitafutia vyombo vyake, na baadaye orkestra za vijana zikafanya kazi chini yake.

Franco alifariki tarehe 12 Oktoba 1989 huko Namur, Ubelgiji. Nchi iliomboleza siku nne. TPOK Jazz iliendelea, lakini wanamuziki na familia hawakuelewana juu ya kugawana mapato. Mwisho wa 1993 orkestra ikavunjika. Vyombo vilibaki kwa familia. Simaro Lutumba na wenzake wakaanza upya kwa jina la Bana OK.

Kila upande ulikuwa na haki yake: familia ilikuwa na urithi, wanamuziki walikuwa na jasho la miaka mingi. Kilichokosekana ni makubaliano yenye nguvu kati yao.

Kwa vijana wetu, daftari moja linatosha kuanza: nani alitoa franga ngapi, nani atalipa ampli ikiungua kwa sababu ya jenereta, na gita litabaki kwa nani mwenye kulinunua akihama ao akifa. Yaandikwe siku ya kununua, wakati wote bado wanacheka pamoja.