Henry Souttar: Daktari aliyewarejeshea wagonjwa tonge

MZEE wa Othaya ambaye hukwamwa na githeri, kisha ugali, hadi akabaki kunywa uji pekee, mara nyingi huwa amechelewa. Saratani ya umio, mojawapo ya zinazoua Wakenya wengi zaidi, huziba njia ya chakula polepole, na mgonjwa akadhoofika kwa njaa ilhali chungu kimejaa.

Karne moja iliyopita, daktari mpasuaji Mwingereza, Henry Souttar, alijitosa kukabiliana na njaa hiyo.

Souttar alizaliwa Birkenhead mwaka wa 1875. Kabla ya udaktari alisomea hisabati na uhandisi katika Chuo Kikuu cha Oxford, na vifaa vingi alivyotumia hospitalini alivibuni mwenyewe. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwatibu majeruhi nchini Ubelgiji.

Mnamo 1925, mjini London, alipenyeza kidole ndani ya moyo wa msichana mgonjwa ili kupanua vali yake. Msichana huyo alinusurika, lakini madaktari wenzake hawakumletea mgonjwa mwingine wa aina hiyo.

Mrija wake wa umio ulitangulia, mwaka wa 1924. Mirija ilikuwa imejaribiwa London tangu miaka ya 1880, lakini wake ulikuwa waya wa shaba, nikeli na zinki uliosokotwa mithili ya springi, wenye uwezo wa kupinda pamoja na mwili. Sehemu ya juu ilipanuliwa usije ukateremka tumboni. Aliupitishia mdomoni, bila kumpasua mgonjwa.

Mwaka wa 1927 alichapisha matokeo ya wagonjwa wake 100, pamoja na ripoti 18 za uchunguzi wa maiti. Mrija haukuponya saratani. Ulimwezesha mgonjwa kumeza katika siku zilizosalia.

Souttar alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1949, akafariki 1964. Wazo lake halikuzikwa naye. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet, mamia ya wagonjwa wamewekewa mirija ya waya inayojipanua yenyewe, na matokeo yake yakachapishwa 2009.

Hata hiyo haing'oi saratani. Humrudisha mgonjwa mezani pamoja na jamaa zake. Ndiposa anayeanza kukwamwa na chakula, awe Othaya au kwingineko, hushauriwa kwenda hospitali mapema, kabla hajafikia kuhitaji mrija.