Mwalimu Nyerere na Mpango wa Hoja

Mwanachuo atakayekwenda Basotu, wilayani Hanang, kwa mazoezi ya kufundisha, hatahangaika kutafuta mada ya mdahalo. Wenyeji wanayo tangu zamani: je, ardhi ile yafaa ngano au malisho ya ng'ombe? Katika darasa la sita nililolisikiliza huko, kila mtoto alikuwa na jibu, lakini sauti zilikuwa kubwa kuliko sababu. Watoto hawakukosa maoni, walikosa mpango. Kwa hiyo yafaa tuyatazame maisha ya mwalimu aliyejizoeza kupanga hoja tangu shuleni.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali ya Tabora, ambako alishiriki midahalo. Alipokuwa akisomea ualimu Makerere, kati ya 1943 na 1945, aliandika insha juu ya hali ya mwanamke. Alizichukua hoja za mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, akazipima kwa maisha ya Wazanaki, kabila lake. Insha hiyo ilipata tuzo. Tuzingatie njia yake: alichukua kanuni ya jumla, akaitafutia ushahidi wa nyumbani.

Baada ya kufundisha Tabora alikwenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952, kisha akafundisha Pugu. Mwaka 1954 aliongoza kuundwa kwa TANU. Mwaka 1955 aliieleza hoja ya Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa, na mwaka huo huo akaacha kazi ya darasani.

Mtihani mkubwa ulikuja Januari 1958, katika mkutano mkuu wa TANU mjini Tabora. Serikali ya kikoloni iliweka kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walikasirika, wakataka kususia uchaguzi. Nyerere naye alikubali kwamba kura ile ilikuwa mbaya. Lakini alitenganisha ubaya wa njia na lengo la safari. Kisha akaonyesha matokeo: TANU ikisusa, viti vitachukuliwa na UTP, chama kilichopendelewa na serikali, na TANU itabaki nje ya Baraza la Kutunga Sheria. Mkutano ukakubali kushiriki, na uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Si wote walioridhika. Zuberi Mtemvu alijitoa akaunda chama chake. Hata hivyo TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda katika uchaguzi wa 1958 na 1959, na uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba, 1961.

Basi mwalimu na aandike ubaoni hatua nne: kukubali ukweli wa upande wa pili, kutenganisha mambo yaliyochanganywa, kuonyesha matokeo, na kuhitimisha. Mtoto wa Basotu anayetetea malisho aanze kwa kukubali kwamba taifa lahitaji ngano. Halafu aeleze kwamba swali si kama ngano ilimwe, bali ni ilimwe wapi, na kwa ridhaa ya nani. Kisha aonyeshe litakalompata mfugaji akikosa malisho ya msimu. Hapo ndipo atoe hitimisho lake. Anayetetea ngano naye apite hatua hizo hizo.

Zoezi hili si mchezo. Mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yalipanuka Hanang katika miaka ya uongozi wa Nyerere mwenyewe, na Wabarabaig wakapoteza malisho. Wanakijiji wa Mulbadaw walipeleka hoja zao mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 1984. Mahakama ya Rufani ikautengua mwaka 1985. Wajukuu wa watu hao ndio walio mbele yetu madarasani.

Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, akazikwa Butiama. Mwanachuo atakapoandaa mdahalo wake wa kwanza, na awape watoto siku nzima ya kupanga hoja kabla ya kusimama, na kila mmoja aandike kwanza sababu iliyo bora kabisa ya upande anaoupinga.