Habari za Dona Antónia Ferreira, Mwenye Mizabibu ya Douro

Katika nchi ya Ureno, upande wa kaskazini, uko mto uitwao Douro. Watoka Hispania, wapita kati ya milima mikali ya mawe, hata uingie baharini karibu na mji wa Porto. Katika bonde lake hutengenezwa divai tamu, ambayo watu huinywa kidogo kidogo baada ya chakula, nayo huitwa kwa jina la mji huo. Mwaka 1756 serikali ya Ureno iliweka mipaka ya nchi itoayo divai hiyo, mtu asije akauza nyingine kwa jina lake. Huko ndiko alikozaliwa Dona Antónia Adelaide Ferreira, mwaka 1811, katika ukoo wa wenye mashamba ya mizabibu.

Aliolewa na binamu yake. Mume huyo alipenda anasa kuliko shamba, akafa mwaka 1844. Dona Antónia akaachwa mjane wa miaka 33, na watoto wawili, na mali kubwa, na wafanyakazi wengi waliomtazama yeye kwa riziki yao. Wengi walidhani atauza. Hakuuza, aliishika kazi mwenyewe.

Na kazi yenyewe, msomaji, si nyepesi. Mlima hupasuliwa mawe, hujengwa kuta, na juu ya kila ukuta hupandwa safu ya mizabibu. Aliyepata kujenga matuta mlimani ajua mgongo unavyouma. Zabibu zikiiva, hutiwa katika mahodhi ya mawe, na wanaume, wakishikana mabegani, huzikanyaga kwa miguu kwa saa nyingi za usiku. Maji yake huanza kuchachuka, na utamu hupungua saa kwa saa. Ukisalia kama nusu, hapo ndipo palipo ustadi wote: hutiwa mvinyo mkali uliokenekwa kwa zabibu, kiasi cha sehemu moja kwa sehemu nne, na kuchachuka hukoma. Akichelewa mtu, utamu umekwisha. Akiharakisha, divai ni kama uji wa sukari. (Hata neno letu mvinyo lilitoka kwa Wareno, waliotawala Mombasa zamani.) Baadaye mapipa yalipakiwa katika mashua zenye chini bapa, yakateremka mtoni mpaka ghala za Vila Nova de Gaia, ngʼambo ya Porto, yakalala humo miaka mingi.

Utajiri humletea mjane maadui. Saldanha, jemadari mwenye nguvu kuliko wote katika Ureno ya wakati ule, alitaka binti wa Dona Antónia aolewe na mwanawe. Binti alikuwa bado mtoto. Mama akakataa, na alipoona kwamba wanataka kumtwaa kwa nguvu, alitoroka naye mpaka Uingereza. Mwaka 1856 aliolewa tena, na Francisco José da Silva Torres, msimamizi wa mali yake, mtu mwaminifu.

Mwezi wa Mei 1861 walikuwa wakisafiri kwa mashua pamoja na Mwingereza Joseph James Forrester, mfanyabiashara wa divai aliyechora ramani ya mto huo. Walipofika kwenye maji makali ya Cachão da Valeira, mashua ikapinduka. Forrester akazama, asionekane tena. Dona Antónia akaokoka. Husimuliwa kwamba yule alivutwa chini na mkanda wa fedha, na huyu akaelea kwa ajili ya sketi zake pana.

Lakini maji hayo hayakumtisha kama mdudu mmoja mdogo, filokisera, aliyeingia bondeni katika miaka ile ile. Hula mizizi chini ya udongo, na mzabibu hunyauka juu pasipo mtu kumwona adui. Mashamba yakafa, watu wakahama. Dona Antónia aliwahi kununua divai ya wakulima wadogo wakati ilipokosa mnunuzi; sasa aliendelea kuajiri watu, kujenga kuta, na kupanda mizabibu iliyopandikizwa juu ya mashina ya Marekani, ambayo mdudu huyo hayawezi. Mimi naona hilo kuwa kubwa kuliko sadaka zake, ingawa alitoa nyingi kwa maskini na kwa hospitali. Mtu mwenye njaa aliyepewa ujira hurudi nyumbani kichwa juu.

Mwaka 1877 alinunua nyika ya Vale Meão, mbali juu ya mto, ambako hapakuwa na mzabibu hata mmoja. Mumewe wa pili akafa mwaka 1880. Yeye, bibi kizee wa miaka zaidi ya 70, akaendelea kupanda huko. Alikufa Régua mwezi wa Machi 1896, na watu wa bonde waliomwita Ferreirinha, jina la mapenzi, wakamlilia. Shamba la Vale Meão lingali mikononi mwa wazao wake, na zabibu zake zingali zikikanyagwa kwa miguu katika mahodhi ya mawe.