Munganga Becker, aliyeanzia Katwa

Wazee wa Oicha bado wanalijua jina la Munganga Becker. Vijana wengi hawalijui, na wa Butembo hawajui kama mtu huyo alianzia kazi kwao.

Carl Becker alizaliwa Marekani mwaka 1894. Alikuwa na kazi nzuri ya udaktari huko Boyertown, Pennsylvania, na pesa ilikuwa inaingia. Mwaka 1929 aliacha yote, akaja Kongo ya Wabelgiji na mke wake Marie, wakitumwa na Africa Inland Mission. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Katwa. Kisha akaenda Aba, na toka 1934 akakaa Oicha, kilometa kama 30 kutoka Beni, mahali palipokuwa msitu tu.

Siku zile dawa ya wazungu haikuja peke yake. Leta ya Wabelgiji ilituma ekipe za kutafuta ugonjwa wa malale: shefu anaitwa, watu wanapangwa mstari, wanapapaswa shingo, wanachomwa sindano. Kusafiri kulidai karatasi ya munganga. Watu walipona, ndiyo, lakini sindano na kodi vilitoka mkono mmoja.

Becker naye hakuwa nje ya mambo hayo. Misioni ilifanya kazi kwa ruhusa ya Leta, na mgonjwa alipewa dawa pamoja na mahubiri. Ila yeye alikaa. Alitibu watu wa vijiji, akatibu Wambuti wa msituni, na zaidi ya wote wenye ukoma, watu ambao hata ndugu zao waliwakimbia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wenye ukoma karibu 4000 walikuwa wanaishi katika kijiji chao pale Oicha. Tiba ya ukoma ilidai miaka, si wiki. Ukimwona munganga mmoja mwaka baada ya mwaka, unamjua, na yeye anakujua jina.

Wakati wa uhuru, mwaka 1960, Kongo nzima haikuwa na daktari Mukongomani hata mmoja. Wauguzi walikuwepo, wasaidizi walikuwepo, lakini mlango wa udaktari wenyewe ulikuwa umefungwa. Mwaka 1964 Simba walipokaribia, Becker, mwenye miaka 70, alikimbilia Uganda. Alirudi, na pamoja na misioni nyingine akaanzisha hospitali ya Nyankunde kule Ituri, ambako wauguzi Wakongomani walifundishwa. Alirudi Marekani akiwa amepita miaka 80, akafariki mwaka 1990.

Hakuona mauaji ya Nyankunde ya Septemba 2002, wagonjwa walipouawa ndani ya hospitali yenyewe na waliobaki wakatembea kwa miguu mpaka Oicha. Hakuona pia Ebola.

Ebola ilitangazwa tarehe 1/8/2018. Watu waliokuwa wanalilia usalama miaka mingi bila kujibiwa waliona ghafla magari, pesa na askari, yote kwa ugonjwa mmoja. Halafu Desemba CENI ikaahirisha kura za Beni na Butembo mpaka Machi, ikitaja Ebola na usalama mdogo, na huku masoko na makanisa yalikuwa wazi. Rais akachaguliwa bila sisi. Kesho ya tangazo hilo la CENI, hata kabla ya kura, kituo cha Ebola cha Beni kilivamiwa. Hapo si ujinga wa watu tu uliosema, hata kama wengine wa riposti walipenda kusema hivyo.

Tarehe 24/2/2019 kituo cha Ebola cha Katwa kilichomwa moto. Ni Katwa ileile, miaka 90 baada ya Becker. Tarehe 19/4 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa OMS, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya universite ya Butembo.

Ugonjwa uliisha tarehe 25/6/2020, watu zaidi ya 2200 wakiwa wamekufa. Kufikia hapo, kazi ya kubisha hodi kwenye nyumba na kueleza chanjo ilikuwa imeingia zaidi mikononi mwa wauguzi na vijana wa mitaa yenyewe.