KAMALUDDIN AL-FARISI NA NAMBA ZINAZOPENDANA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ndugu wanafunzi, mwaka huu tumeona vyema tuwasimulie maisha ya mwanachuoni aliyeitumikia elimu ya hesabu.

Kamaluddin al-Farisi alizaliwa Uajemi takriban mwaka 1267, miaka michache baada ya Wamongolia kuiangusha Baghdad mwaka 1258. Pamoja na msiba huo, elimu haikufa. Mwalimu wake, Qutbuddin ash-Shirazi, alimwelekeza kwenye kitabu cha Ibn al-Haytham kuhusu nuru. Alikisoma, akakisherehesha, na akakisahihisha alipoona haja. Kwa kutumia tufe la kioo lililojaa maji mfano wa tone la mvua, alieleza upinde wa mvua: mwanga hupinda ukiingia, huakisiwa ndani, kisha hupinda tena ukitoka.

Katika hesabu alishughulikia namba zinazopendana. Chukueni 220. Vigawo vyake, mkiiacha yenyewe, ni 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Jumla yake ni 284. Vigawo vya 284 ni 1, 2, 4, 71 na 142. Jumla yake ni 220! Kila moja inamzaa mwenzake.

Kanuni ya kuzitafuta iliachwa na Thabit ibn Qurra, aliyefariki mwaka 901. Thabit alikuwa Msabai wa Harran, si Mwislamu, lakini al-Farisi hakuona haya kunufaika na elimu yake. Wala hakuifuata kwa upofu. Aliithibitisha upya kwa njia yake, akichunguza jinsi kila namba inavyojengwa na namba tasa. Kisha akaonyesha jozi kubwa zaidi: 17296 na 18416.

Tujaribu. 18416 ni 16 mara 1151, na 1151 ni namba tasa. Basi vigawo ni 1, 2, 4, 8, 16, 1151, 2302, 4604 na 9208. Jumlisheni, mtapata 17296. Kazi ya upande wa pili, yenye vigawo 19, tunawaachia nyinyi. Al-Farisi hakuwa na kikokotoo.

Alifariki takriban mwaka 1319. Huko Ufaransa, Fermat aliitangaza jozi hiyo hiyo mwaka 1636, zaidi ya miaka 300 baadaye. Na mwaka 1866 kijana wa Kiitaliano wa miaka 16, Nicolò Paganini, aliipata jozi ya 1184 na 1210, ndogo kuliko hiyo, iliyowapita wakubwa wote.

Tunayasema haya kwa uchungu. Tunawaona vijana wetu wa Shinyanga, Kahama na Geita wakiacha daftari na kukimbilia machimboni. Kutafuta riziki ya halali si aibu. Lakini asiyejua hesabu hupunjwa kwenye mzani wa dhahabu asijue, na mirathi ya mzazi wake hugawanywa na wengine yeye akitazama. Suratul Mutaffifin inawaonya wanaopunja. Nasi tujifunze kupima ili tusipunje wala tusipunjwe.

Wazazi wetu, mwacheni mtoto amalize masomo. Dhahabu itamsubiri ardhini, umri wa kusoma haumsubiri. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.