Mama aliyefundisha kupiga kura bila kutaja mgombea



Twende pamoja shambani, jimbo la Iowa nchini Marekani, mwaka 1872. Ni uchaguzi wa rais. Baba anajiandaa kwenda mjini kupiga kura. Binti wa miaka 13 anaona mama yake hajavaa nguo za kutokea, anamwuliza kwa nini naye hajiandai. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama huyo alifuatilia siasa na alikuwa na mgombea wake, lakini sheria haikumpa kura.

Binti huyo ndiye Carrie Chapman Catt. Kicheko kile hakikumtoka. Mwaka 1880 alihitimu chuo akiwa mwanamke pekee katika darasa lake, akawa mwalimu, kisha msimamizi wa shule za Mason City. Mume wake wa kwanza alikufa kwa homa ya matumbo kabla ndoa haijatimiza miaka miwili. Wa pili alifariki 1905.

Madai ya kura yalichukua miaka 52, na Catt aliyaongoza hadi mwisho. Mwenyewe alihesabu kampeni 480 za kuyasihi mabunge ya majimbo, na 56 za kuwaomba wanaume wapiga kura. Yote yakaishia Tennessee, tarehe 18 Agosti 1920. Mbunge wa miaka 24, Harry Burn, alivaa waridi jekundu, alama ya wapinzani. Mfukoni alikuwa na barua ya mama yake. Akageuza kura yake, na marekebisho ya 19 ya Katiba yakapata jimbo la 36 lililohitajika.

Sisi Wakatoliki tukiri jambo moja. Kardinali Gibbons wa Baltimore, mtetezi mkubwa wa wafanyakazi, alipinga wanawake kupewa kura. Mitume nao, walipoletewa na wanawake habari za kaburi tupu, waliona ni upuuzi.

Lakini kinachonivutia zaidi ni alichofanya Catt miezi sita kabla ya ushindi. Februari 1920, mjini Chicago, aliwakusanya wanawake wakaanzisha League of Women Voters, yaani Umoja wa Wanawake Wapiga Kura. Alijua kura inakuja, na mamilioni hawajawahi kuishika. Kazi ya umoja ikawa kufundisha: kura inapigwaje, hoja ni zipi, wagombea wanasema nini. Haukumuunga mkono mgombea yeyote, wala chama chochote. Hata hivyo, aliwahimiza wanachama, kila mmoja kwa nafsi yake, waingie katika vyama vya siasa.

Ni kazi ngumu hiyo, msomaji wangu. Uchaguzi ukikaribia, baada ya Misa hakosi wa kunivuta pembeni akitaka jina. Nikimpa maswali ya kumwuliza mgombea badala ya jina, anaondoka amenuna.

Catt hakuwa malaika. Miaka ya mwanzo aliwahi kuhutubia kana kwamba kura ya mwanamke mzungu msomi ina uzito kuliko ya mhamiaji maskini. Na kule kusini, wanawake weusi waliendelea kuzuiwa kwa kodi, kwa mitihani ya kusoma na kwa vitisho, hadi sheria ya 1965. Catt alikuwa amefariki miaka 18 kabla.